Namna ya Kupunguza Orodha ya Maombi ya Vyuo kwa Wahitimu wa Sayansi

Mwezi Mei watahiniwa wa kidato cha sita hufanya mtihani wao wa mwisho. Wiki chache baadaye wengi wao huitwa kwenye makambi ya Jeshi la Kujenga Taifa kwa mafunzo ya mujibu wa sheria, na mara nyingi matokeo hutangazwa wakiwa huko. Dirisha la maombi ya vyuo vikuu hufunguliwa muda mfupi baada ya matokeo. Hivyo, katika kaya nyingi za Karatu na Ngorongoro, uamuzi utakaogusa miaka mitatu hadi mitano ya maisha ya kijana hufanyika kijana mwenyewe akiwa mbali na simu yake. Anayejaza fomu ni kaka, shangazi, au mhudumu wa steshenari aliyelisikia jina la mwombaji kwa mara ya kwanza dakika kumi zilizopita.

Hapo ndipo orodha ndefu inapoleta hasara. Mtu aliyekabidhiwa majina ya vyuo vinane bila maelezo huanza na chuo anachokifahamu kwa jina, hulipa ada ya maombi mara nane, na huchagua kozi kwa kubahatisha. Baadhi ya kozi hizo mwombaji hana masomo yake. Nyingine ana masomo, lakini hana alama za kushindania nafasi. Nyingine atadahiliwa, kisha familia igundue mwezi Oktoba kwamba ada haimudu. Mwaka mzima hupotea, si kwa sababu kijana hakufaulu, bali kwa sababu orodha haikuchujwa.

Makala hii inaeleza namna ya kuichuja orodha hiyo mapema, kwa karatasi na kalamu, kabla mwombaji hajaondoka nyumbani. Imewalenga wahitimu wa tahasusi za sayansi na hisabati, kwa kuwa masharti ya kozi zao ni mengi zaidi na kosa dogo hugharimu zaidi.

Mfumo wa udahili ulivyo sasa

Wazazi waliosomesha watoto wakubwa miaka ya nyuma wanaukumbuka utaratibu tofauti. Kuanzia mwaka 2010 Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) iliendesha mfumo wa pamoja ambamo mwombaji alituma ombi moja na mfumo ukampangia chuo. Nchini Kenya utaratibu wa namna hiyo bado upo. Kwa upande wa Tanzania, tangu mwaka wa masomo 2017/18 mwombaji wa shahada ya kwanza hutuma maombi moja kwa moja katika kila chuo anachokitaka, kupitia mtandao wa chuo hicho. TCU imebaki na kazi ya kuweka vigezo, kutangaza ratiba na kuhakiki majina ya waliodahiliwa.

Mabadiliko hayo yana maana mbili kwa mwombaji. Kwanza, kila chuo ni ombi linalojitegemea na lina ada yake, ambayo kwa vyuo vingi imekuwa shilingi 10,000. Pili, ndani ya ombi la chuo kimoja mwombaji huruhusiwa kuchagua kozi zaidi ya moja na kuzipanga kwa kipaumbele. Kwa hiyo gharama huongezeka kwa idadi ya vyuo, si kwa idadi ya kozi. Mwombaji mwenye kozi tatu katika chuo kimoja hulipa mara moja. Mwenye kozi tatu katika vyuo vitatu hulipa mara tatu.

Chombo kikuu cha kazi hii ni Mwongozo wa Udahili unaotolewa na TCU kila mwaka na kupatikana bila malipo katika tovuti yake. Upo mwongozo kwa wenye sifa za kidato cha sita na mwingine kwa wenye stashahada. Kwa kila kozi, mwongozo huonyesha masomo yanayotakiwa, alama za chini, idadi ya nafasi na miaka ya masomo. Toleo la mwaka uliotangulia linatosha kuanzia kazi. La mwaka husika likitoka, orodha ihakikiwe upya.

Pointi za aina mbili

Kabla ya kuanza kuchuja, familia inapaswa kufahamu kwamba mhitimu wa kidato cha sita ana pointi za aina mbili, na zinahesabiwa kwa mwelekeo uliopingana.

Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) hupanga madaraja ya ufaulu kwa kuhesabu A kuwa 1, B kuwa 2, C kuwa 3, D kuwa 4 na E kuwa 5. Hapa pointi chache ndizo bora: pointi 3 hadi 9 ni daraja la kwanza, 10 hadi 12 daraja la pili, na 13 hadi 17 daraja la tatu.

Vyuo vikuu huhesabu kinyume chake: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, na S ni nusu pointi. Hapa pointi nyingi ndizo bora, na kiwango cha juu kabisa kwa masomo matatu ni 15. Masomo ya ziada, kama Hisabati Tumizi, hayahesabiwi miongoni mwa masomo matatu makuu.

Mwanafunzi mwenye C ya Kemia, C ya Baiolojia na D ya Fizikia atakuwa na daraja la pili la pointi 10 kwa hesabu ya NECTA, na pointi 8 kwa hesabu ya udahili. Mzazi anayesoma mwongozo akiwa na pointi 10 kichwani atadhani mwanawe ana ziada ya pointi mbili ambazo hana. Karatasi ya orodha iandikwe kwa pointi za udahili tu.

Chekeche la kwanza: masomo

Swali la kwanza kwa kila kozi ni moja: je, tahasusi ya mwombaji inaruhusu? Jibu likiwa hapana, kozi hiyo ifutwe hapo hapo, hata kama ufaulu ni wa juu.

Kozi za uhandisi kwa kawaida hudai ufaulu wa somo kuu katika Hisabati na Fizikia. Mhitimu wa PCM amekamilika kwa kozi nyingi za aina hiyo. Mhitimu wa PGM naye anayo masomo hayo mawili, ila baadhi ya kozi humwongezea sharti la kufaulu Kemia katika kidato cha nne. Mhitimu wa PCB hana Hisabati kama somo kuu, kwa hiyo uhandisi wa ujenzi au wa umeme haumhusu kwa njia ya kidato cha sita.

Udaktari wa binadamu hudai ufaulu wa masomo matatu makuu: Fizikia, Kemia na Baiolojia. Hapa wahitimu wa CBG hukosea mara nyingi. Wana Kemia na Baiolojia, huenda kwa alama nzuri sana, lakini Fizikia yao iliishia kidato cha nne. Milango yao iko kwingine: kilimo, sayansi ya mifugo, misitu, wanyamapori, mazingira, lishe, na ualimu wa Kemia na Baiolojia.

Katika chekeche hili liulizwe pia swali la ngazi ya masomo. Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, iliyoko Tengeru, iko karibu na jina lake ni kubwa. Hata hivyo ilianzishwa kwa ajili ya shahada za uzamili na uzamivu, na haipaswi kuingia katika orodha ya mhitimu wa kidato cha sita kabla hajaiona kozi ya shahada ya kwanza yenye jina lake katika mwongozo wa mwaka husika.

Chekeche la pili: ushindani

Kigezo cha chini na kigezo cha kudahiliwa ni vitu viwili tofauti. Kwa udaktari wa binadamu, mwongozo wa TCU umekuwa ukitaja pointi 6, yaani angalau D katika kila moja ya masomo matatu. Mwenye pointi 6 anaruhusiwa kupanga foleni. Haimaanishi kwamba nafasi inamsubiri. Chuo hupanga waombaji wote kuanzia mwenye alama za juu na kushuka hadi nafasi ziishe. Kozi yenye nafasi chache na waombaji wengi huishia kwa wenye alama zilizo mbali sana na kigezo cha chini.

Kwa sababu hiyo safu ya idadi ya nafasi katika mwongozo isomwe kwa makini kama safu ya masharti. Kozi zilizobaki baada ya chekeche la kwanza zigawanywe katika mafungu matatu: kozi ambazo ushindani wake unazidi alama za mwombaji, kozi zinazolingana nazo, na kozi ambazo alama zake zinazitosheleza kwa ziada. Orodha nzuri ina angalau kozi moja kutoka kila fungu. Orodha yenye kozi za fungu la kwanza tu, hata zikiwa kumi, inaweza kurudi bila jina la mwombaji mahali popote, kwa kuwa sababu iliyomnyima nafasi katika chuo cha kwanza ndiyo itakayomnyima katika cha kumi. Wahenga hawakukosea waliposema mtaka yote hukosa yote.

Chekeche la tatu: fedha

Ada za vyuo visivyo vya Serikali huweza kuwa mara kadhaa ya zile za vyuo vya Serikali kwa kozi ile ile. Vyuo kama KCMC cha Moshi na Bugando cha Mwanza vina sifa kubwa katika kufundisha madaktari, na familia inayoweza ada zake haina sababu ya kuvikwepa. Swali ni kama hesabu imefanywa kabla ya kuomba.

Hesabu hiyo iwe ya miaka yote. Kozi nyingi za sayansi huchukua miaka 3, uhandisi miaka 4, udaktari wa binadamu na udaktari wa mifugo miaka 5. Daktari huongezewa mwaka mmoja wa utarajali kabla ya kusajiliwa kikamilifu. Kwa mkulima wa vitunguu wa Mang'ola au mfugaji wa Malambo, ambaye kipato chake hupanda na kushuka kwa mvua na soko, tofauti ya miaka 3 na 5 ni jambo la kuzungumzwa mezani.

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB) hutoa mikopo kwa wahitaji, lakini mkopo haulipi lazima gharama zote. Hutolewa kwa vipengele, kama ada, chakula na malazi, vitabu na mafunzo kwa vitendo, na kiwango hutegemea tathmini ya uhitaji wa mwombaji. Bodi hutoa mwongozo wake kila mwaka ukionyesha makundi ya kozi zenye kipaumbele, na kozi za afya, uhandisi na ualimu wa sayansi na hisabati zimekuwa miongoni mwake. Tangu mwaka wa masomo 2022/23 upo pia Ufadhili wa Samia kwa wahitimu waliofanya vizuri zaidi kitaifa katika tahasusi za sayansi na kujiunga na kozi za sayansi, teknolojia, uhandisi, hisabati au tiba.

Kanuni salama ni hii: kila kozi inayobaki kwenye orodha iwe na jibu la maandishi kwa swali, "Mkopo ukija nusu, nusu nyingine itatoka wapi?" Kozi isiyo na jibu iondolewe, au ishuke chini kabisa.

Chekeche la nne: kazi yenyewe

Baada ya masomo, ushindani na fedha, hubaki kozi chache. Sasa ndipo pa kuuliza kijana anataka kufanya kazi gani asubuhi baada ya asubuhi. Wanafunzi wengi wa sayansi hujaza udaktari na uhandisi kwa sababu hizo ndizo kazi walizozisikia zikitajwa darasani. Karatu na Ngorongoro zina mifano mingi zaidi ya hiyo, tena hadharani.

Skimu za umwagiliaji za Mang'ola, zinazotegemea maji ya chemchemi, zinahitaji watu wanaojua kupima maji na kusanifu mifereji. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Chuo cha Maji na Chuo cha Ufundi Arusha (ATC) vyote hufundisha fani za umwagiliaji. Mifugo ya Ngorongoro inahitaji madaktari wa mifugo, na SUA ndiyo yenye historia ndefu zaidi nchini katika fani hiyo. Mwaka 2018 UNESCO iliitambua Jiopaki ya Ngorongoro Lengai, inayogusa wilaya za Ngorongoro, Karatu na Monduli. Kijana aliyekua akiuona moshi wa Ol Doinyo Lengai kwa mbali anaweza kuisoma jiolojia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au Dodoma, na upimaji ardhi katika Chuo Kikuu Ardhi. Uhifadhi wa wanyamapori hufundishwa Mweka, katika chuo kilichoanzishwa mwaka 1963.

Mwombaji anashauriwa kumtafuta mtu mmoja anayeifanya kila kazi iliyobaki kwenye orodha yake: muuguzi wa zahanati, afisa ugani, fundi sanifu wa maji, mhifadhi, mwalimu wa Fizikia. Maswali matatu yanatosha. Siku yake ya kawaida ikoje? Alisoma wapi na kwa miaka mingapi? Kama angeanza upya, angebadilisha nini? Mazungumzo ya nusu saa yameshawaokoa vijana wengi na miaka mitatu ya kusoma kitu wasichokipenda.

Mfano wa karatasi moja

Mfano ufuatao ni wa kubuni, lakini hesabu zake ni za kweli. Binti wa Mang'ola anasoma PCB. Kwa mtihani wa moko amepata C, C na D, yaani pointi 8. Orodha yake ya kwanza ina kozi kumi katika vyuo vinane: udaktari wa binadamu katika vyuo vya Muhimbili (MUHAS), Dodoma (UDOM), KCMC na Bugando, ufamasia Muhimbili, uuguzi Dodoma, uhandisi wa ujenzi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kozi moja ya maji Nelson Mandela, udaktari wa mifugo SUA, na usimamizi wa wanyamapori Mweka. Kwa shilingi 10,000 kila chuo, maombi hayo yangegharimu shilingi 80,000.

Chekeche la masomo linaondoa uhandisi wa ujenzi, kwa kuwa hana Hisabati kama somo kuu, na kozi ya Nelson Mandela, kwa sababu ya ngazi ya masomo. Zimebaki kozi nane katika vyuo sita.

Chekeche la ushindani linaonyesha kwamba udaktari wa binadamu na ufamasia, yaani kozi tano kati ya nane, ziko katika fungu moja la juu. Binti hatakiwi kuiacha ndoto yake. Anatakiwa kuiombea mahali ambapo ikikataliwa, ombi lile lile lina kozi ya pili inayomfaa. Dodoma ina udaktari na pia uuguzi aliouchagua. Muhimbili kozi zake zote mbili ni za fungu la juu. Anaibakiza Dodoma na kuiweka Muhimbili pembeni.

Chekeche la fedha linaondoa KCMC na Bugando, kwa kuwa familia haina jibu la nusu ya pili ya ada. Sasa zimebaki kozi nne katika vyuo vitatu: Dodoma, SUA na Mweka. Baada ya kuzungumza na afisa mifugo wa kata, binti anaongeza kozi ya sayansi ya wanyama chini ya udaktari wa mifugo katika ombi la SUA, bila gharama ya ziada.

Matokeo ni vyuo vitatu, kozi tano, na shilingi 30,000. Zimeokolewa shilingi 50,000. Ada ya kuomba mkopo imekuwa shilingi 30,000 na ya kuhakiki cheti cha kuzaliwa shilingi 3,000. Fedha iliyookolewa inalipia yote mawili na inabaki shilingi 17,000 ya nauli.

Nyuma ya karatasi binti anaandika mistari miwili kwa ajili ya baba yake, atakayejaza fomu yeye akiwa kambini. Mstari wa kwanza: "Pointi zikifika 11 au zaidi, ongeza Muhimbili." Mstari wa pili: "Zikiwa chini ya 6, futa udaktari wa binadamu, na uanze kuangalia stashahada." Kwa mistari hiyo miwili, mtu mwingine anaweza kubonyeza kitufe, lakini uamuzi umebaki kuwa wa binti.

Stashahada ni njia kamili

Ngazi ya stashahada husimamiwa na Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi (NACTVET). Kwa kozi za afya, kama utabibu na maabara, vigezo huangalia ufaulu wa kidato cha nne katika Kemia, Baiolojia na Fizikia, na maombi ya kozi hizo Tanzania Bara yamekuwa yakipitia mfumo wa pamoja wa baraza hilo. Mwenye stashahada yenye wastani wa angalau 3.0 anaweza kuomba shahada katika fani inayohusiana, ingawa baadhi ya vyuo huongeza masharti yake.

Kwa mwanafunzi wa PCM au PGM wa Loliondo ambaye alama hazikutosha, stashahada ya ufundi katika ATC jijini Arusha ni mfano wa njia hiyo. Huhitimu akiwa fundi sanifu anayeweza kuajiriwa, na mlango wa uhandisi ukiwa bado wazi. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 HESLB imeanza pia kutoa mikopo kwa baadhi ya kozi za stashahada zilizopewa kipaumbele. Kozi moja ya stashahada ikae kwenye kila karatasi kama akiba, wala isionekane kuwa ni adhabu.

Kosa linalotokea baada ya kudahiliwa

Mwombaji aliyedahiliwa na zaidi ya chuo kimoja hutakiwa kuthibitisha chuo kimoja tu, kwa namba maalumu ya siri anayotumiwa kwenye simu, ndani ya muda uliopangwa na TCU. Asiyethibitisha kwa wakati anaweza kuipoteza nafasi aliyokwisha kuipata.

Hatari kubwa hapa ni namba ya simu. Fomu ikijazwa kwa namba ya mhudumu wa steshenari, au ya jamaa asiyepatikana mara kwa mara, ujumbe huo hautamfikia mwenye haki. Namba na barua pepe ziwe za mwombaji, na akiwa kambini laini hiyo ibaki na mzazi au mlezi anayeaminika, ikiwa na chaji na mahali penye mtandao. Nywila za kila chuo ziandikwe kwenye karatasi ile ile ya orodha na kuhifadhiwa nyumbani. Anayejaza fomu aombwe kuisoma kwa sauti kabla ya kuituma, na nakala ya ukurasa wa mwisho ichapwe.

Nyaraka za kuandaa mapema

Kazi ya nyaraka huchukua muda mrefu kuliko kujaza fomu, na sehemu yake kubwa hufanyika katika ofisi zilizo karibu na mwananchi.

Cheti cha kuzaliwa ndicho cha kwanza. Asiyekuwa nacho aanzie ofisi ya msajili wa vizazi na vifo wilayani, iliyoko katika ofisi ya Mkuu wa Wilaya, na aliye nacho akihakiki kwa RITA kupitia mtandao kabla ya dirisha la mikopo. Majina katika cheti hicho, katika vyeti vya shule na katika namba ya NIDA yanapaswa kufanana. Herufi moja iliyokosewa huweza kusimamisha ombi.

Yatima huandaa vyeti vya vifo vya wazazi, navyo vihakikiwe. Kaya iliyo katika mpango wa TASAF iwe na namba yake ya utambulisho, kwa kuwa ni ushahidi wa uhitaji. Fomu ya mkopo huhitaji saini ya mdhamini na ya uongozi wa kijiji au mtaa, hivyo mwombaji aende kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji akiwa na fomu iliyokwisha kujazwa, si tupu. Mwenye swali kuhusu tahasusi na masharti ya kozi aanze na mwalimu wa taaluma wa shule aliyosoma, kisha ofisi ya Elimu Sekondari ya halmashauri yake, Karatu mjini au Loliondo.

Wakati mzuri wa kuanza ni likizo ya mwisho kabla ya mtihani. Mwanafunzi, mzazi na daftari moja vinatosha: majina yote yaandikwe upande wa kushoto, machekeche manne yaandikwe juu, na kila kozi iliyofutwa iwekewe sababu. Karatasi hiyo ikunjwe na kuhifadhiwa pamoja na vyeti. Siku matokeo yatakapotangazwa, atakayekuwa nyumbani ataifungua na kujua la kufanya.